Rangi za kopo: kutoka Bukama hadi Tokyo

Oktoba 1965 runinga ya Fuji ya Japani ilianza kuonyesha Jungle Taitei, kisa cha mwanasimba mweupe kilichotungwa na Osamu Tezuka. Ndio mfululizo mrefu wa kwanza wa katuni za televisheni za Kijapani kupakwa rangi, na nchi ya kisa chenyewe ni Afrika. Rangi iliingia kwa sababu ya biashara: NBC ya Marekani ndiyo iliyokuwa mnunuzi, na ilitaka vipindi vya rangi. Kijana wa Kalundu, bandari ya Ziwa Tanganyika, anayetazama anime kwenye simu, akavutiwa na anga la zambarau na nywele za buluu, hudhani anachokiona ni ladha ya Wajapani tu. Ladha ipo. Lakini sura ya picha huamuliwa kwanza na kilichomo koponi, kisha ladha hufanya kazi ndani ya mipaka hiyo. Jambo hilo linaonekana waziwazi zaidi katika uchoraji wa Kongo yetu kuliko katika studio za Tokyo.

Kwa miaka mingi anime ilipakwa kwa mkono juu ya karatasi angavu za plastiki. Mistari ilikaa upande wa mbele, rangi ikajazwa kwa nyuma, kutoka kwenye chupa zilizokwisha kuchanganywa na kupewa namba. Aliyepaka karatasi ya mia alipaswa kutumia nyekundu ileile ya aliyepaka ya kwanza, la sivyo shati la mhusika lingebadilika-badilika machoni pa mtazamaji. Ndiyo maana shati lilipata rangi moja bapa, kivuli chake rangi nyingine moja, na mpaka kati yao ukawa mkali. Dar es Salaam nako, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, rangi zinazong'aa lakini ngumu kufifisha moja ndani ya nyingine. Chui wake ni bapa na ana ukingo ulio wazi. Mafundi hawa hawakujuana, ila vifaa vyao viliwafundisha somo moja.

Twende sasa Kongo, hadi Bukama. Kwa msafiri wa Kalundu njia ya zamani ni meli hadi Kalemie, halafu reli iliyofika ziwani mwaka 1915, halafu mto Lualaba kuelekea juu. Huko mwaka 1926 ofisa Mbelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa kutani, akampa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Ukuta ulikuwa umezoea udongo mwekundu, makaa na pemba, yaani udongo mweupe. Karatasi ikaleta rangi za dukani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya Le Hangar mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hapa ndipo pingamizi kubwa linapotokea: ikiwa mzungu ndiye aliyeleta rangi, akanunua na kusifu, basi rangi hizo ni za nani? Swali hilo ni la haki, na Romain-Desfossés alikuwa na picha yake ya Mwafrika aliyotaka kuiona kwenye turubai. Lakini tazama mikono mitatu iliyokaa ndani ya karakana ileile. Bela Sara alipaka kwa vidole, alama juu ya alama. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vilivyobanana, vya kahawia na vya rangi ya udongo. Pilipili Mulongoy alitandaza samaki, ndege na majani hadi pembe za karatasi. Bwana alitoa kopo na soko; namna ya kuchovya hakuweza kuitoa.

Wachoraji wa mitaani waliofuata hawakuwa na mlezi wa namna hiyo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi juu ya magunia ya unga katika miaka ya 1970, akimuuzia mtafiti Johannes Fabian picha zipatazo mia. Wateja wa Katanga waliziita picha za aina hii ukumbusho. Unaweza kusema rangi zake chache ni umaskini, na kweli umaskini ulikuwepo, wala si jambo la kupambwa. Ila tazama picha za Colonie belge: kofia nyekundu ya askari, mistari ya nguo za wafungwa, bendera ya Ubelgiji juu ya mlingoti. Rangi zikiwa chache, kila moja hubeba habari, na aliyewahi kusimuliwa habari za kiboko, mjeledi wa wakoloni, huisoma picha hiyo hata kama hajui herufi. Mamba muntu naye, mwanamke nusu samaki ambaye kando ya Ziwa Tanganyika jina lake halihitaji tafsiri, hutambulika kwa ngozi yake nyeupe juu ya maji ya buluu. Ukimpaka rangi nyingine unakuwa umechora mtu mwingine.

Mtu wa kompyuta atajibu kwamba hoja hii imezeeka, kwa kuwa leo rangi ni mamilioni na hakuna kopo la kuisha. Ushahidi wa Japani unamkatalia. Filamu ya Akira ya mwaka 1988 inatajwa kuwa na rangi 327, nyingine zikitengenezwa kwa ajili yake tu, lakini wengi wanakumbuka moja: nyekundu ya pikipiki ya Kaneda usiku wa mji. Michiyo Yasuda, mbunifu wa rangi wa Studio Ghibli aliyefariki mwaka 2016, alianzia kwenye chupa na kuishia kwenye kompyuta. Chupa zilipoondoka, kazi yake ilibaki ileile: kuamua ngozi ya mhusika iwe rangi gani mchana, gani jioni, gani gizani, na kuziacha nyingine zote nje ya filamu.