Wanawake wa Gisaka na Jina la Kakira

Mzungumzaji wa Kiswahili wa hapa Goma anayelisikia neno la Kinyarwanda imigongo hahitaji mkalimani. Ni migongo yetu ile ile: matuta membamba yaliyoinuliwa juu ya ukuta, yakienda kwa pembe, almasi na mistari ya kukatakata. Sanaa hii asili yake ni Gisaka, mashariki ya Rwanda, eneo ambalo leo limo hasa katika wilaya za Kirehe na Ngoma.

Takriban kila anayeieleza huanza na mwanamume. Husimuliwa kwamba aliyeibuni ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kabla Gisaka haijamezwa na ufalme wa Rwanda katika karne ya 19. Masimulizi hayo hatuyapuuzi, kwani nchi iliyoshindwa hupenda kuwa na mwana wa mfalme wa kumkumbuka. Hata hivyo, hapana budi kuitazama kazi yenyewe. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, kisha huinuliwa kwa vidole, tuta baada ya tuta, kufuata mistari iliyochorwa. Ikikauka hupakwa rangi: nyeupe ya udongo wa kaolini, nyekundu ya udongo wenye kutu, nyeusi ya majivu na utomvu wa mshubiri. Vidole hivyo vilikuwa vya wanawake, na binti alijifunza kwa mama yake, ndani ya nyumba, mahali ambapo mwandishi wa historia ya wafalme hakuwa na sababu ya kuingia.

Ulinganisho na Ireland unatufaa hapa. Mwaka 1902 Evelyn Gleeson alianzisha karakana ya ufundi huko Dundrum, karibu na Dublin, akishirikiana na Lily na Elizabeth Yeats. Wasichana walifundishwa kutarizi, kufuma mazulia na kuchapa vitabu. Ulimwengu ulimkumbuka zaidi kaka yao, mshairi William. Lakini karakana iliitwa Dun Emer, yaani ngome ya Emer, mke wa shujaa Cúchulainn, aliyesifika katika hekaya kwa kazi ya sindano. Waanzilishi wale walichagua makusudi jina la mwanamke fundi. Gisaka, ambako mafundi walikuwa wanawake, jina lililobaki ni la mwanamume.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalifika Gisaka. Kanisa la Nyarubuye ni ushahidi wake. Nyumba zilibomoka, na ufundi huu ulikaribia kupotea pamoja na waliouishi. Waliourudisha ni wanawake, wengi wao wajane. Mwaka 2001 ushirika wa Abakundamuco, yaani wapenda utamaduni, ulianzishwa Nyakarambi. Kazi ilihama ukutani ikawa juu ya mbao za kuuzwa, ikafika hotelini na maofisini Kigali. Wapo wanaolalamika kwamba biashara imeipunguzia heshima. Sikubaliani nao. Ukuta wa udongo haukuweza kubebwa, wala kutiwa sahihi. Ubao una upande wa nyuma ambapo fundi anaweza kuandika jina lake.

Waliojifunza kabla ya 1994 sasa ni watu wazima sana. Maswali ya kuwauliza ni mepesi, na mwanafunzi yeyote aweza kuyabeba: nani alikufundisha, na yeye alifundishwa na nani?