Mtawa aliyefukuzwa akaleta jua kando ya barabara

Kuna kitu kinanisumbua. Ukisema unataka kuangalia anga kwa darubini, watu wanakuambia ngoja safari ya shule, ama ngoja serikali ijenge kituo. Hebu niwape stori ya mzee ambaye hakungoja.

John Dobson alikuwa mtawa wa Vedanta huko California. Hakuwa na pesa, so alisugua kioo cha dirisha la meli mpaka kikawa kioo cha darubini. Bomba lilikuwa kadibodi ya kumwagia zege ya nguzo, stendi ilikuwa plaiwudi. Akaanza kutoka nje kuonyesha majirani. Wakubwa wake hawakupenda, na mwaka wa 1967 akafukuzwa.

Unajua alifanya nini? Mwaka wa 1968, yeye na vijana wachache wakaanzisha San Francisco Sidewalk Astronomers. Usiku walionyesha wapita njia mwezi na Zohali. Mchana wakageukia jua, kwa darubini zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Yote bure.

Mimi hapo kwa mchana ndipo naona akili. Usiku wengi wetu tumejifungia nyumbani. Mchana kila mtu yuko barabarani: mama mboga, makanga, watoto wa shule. Mtu anainama sekunde chache, anaona madoa meusi juu ya jua, mengine makubwa kuliko Dunia nzima. Akirudi kesho, yamesogea. Hivyo ndivyo Galileo alivyojua jua linajizungusha, miaka 400 iliyopita.

Lakini hapa hakuna mchezo. Filta ya jua inakaa mbele ya darubini, si kwa jicho. Filamu ya X-ray na glasi yenye masizi hazikulindi. Ndani ya jicho hausikii uchungu likichomeka, so utajua ukiwa umechelewa.

Tarehe 3 Novemba 2013, watu walisafiri hadi Turkana kuona jua likipatwa. Poa, lakini wangapi wana nauli hiyo? Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, na Kenya tutaona sehemu yake. Hatuhitaji jumba la mamilioni. Tunahitaji darubini moja, filta halali, na mtu anayejua kazi, pale stejini.

Dobson alikufa 2014 akiwa na miaka 98, na hakuwahi kudai pesa kwa uvumbuzi wake. Jua liko juu ya Kayole sawa na Karen. Mtaani kwenu, nani anaanza?