Mume wa Shangazi

Mwaka 1991 shangazi aliolewa na Mganda, fundi cherehani wa Eastleigh. Akisikia gari la polisi tu, mguu unaganda kwenye pedali. Kibali cha kazi hana.

Ndugu msomaji, mimi nilidhani ni uzembe wake. Halafu nikaisoma Katiba ya zamani. Mwanamume Mkenya akioa mgeni, kifungu cha 91 kilimpa yule mke haki ya kuandikishwa raia. Na mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni? Patupu! Hata mtoto wake akizaliwa nje, kifungu cha 90 kilimtazama baba. Eti mke ndiye humfuata mume, basi. Shangazi, mlipa kodi ya nyumba na karo zetu, hakuweza kumdhamini bwanake awe Mkenya.

Katiba ya 27 Agosti 2010, kifungu cha 15, haiulizi nani mume nani mke: miaka saba ya ndoa, unaomba. Lakini Mganda alikwisharudi kwao Masaka tangu 1998. Cherehani aliiacha.

Usiku ule shangazi alinipigia simu. “Hebu niambie, hiyo saba wanaanza kuhesabu lini?”