Kutoka Utando hadi Kiunzi: Historia ya Urekebishaji wa Gegedu la Goti, 1743–2022

Utangulizi

Mwaka 1743, mwanaanatomia William Hunter aliwasilisha mbele ya Royal Society ya London makala kuhusu muundo na maradhi ya gegedu la viungo. Alihitimisha kuwa gegedu likishaharibika halirudi. Hukumu hiyo ndiyo wapasuaji wa karne zilizofuata walijaribu kuipindua. Insha hii inachunguza mchango wa kiunzi katika juhudi hizo. Kiunzi hapa ni umbo lenye vinyweleo linalopandikizwa ndani ya shimo la gegedu ili libebe seli au livutie seli za mwili wenyewe. Hoja kuu ni kwamba kiunzi kilikubalika zaidi kwa sababu kilitatua matatizo ya kazi katika chumba cha upasuaji kuliko kwa sababu kilithibitishwa kuzalisha gegedu bora. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa mgonjwa anayeahidiwa gegedu jipya ana haki ya kujua ni kipi hasa kimethibitishwa.

Kwa nini gegedu haliponi

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ya goti halina mishipa ya damu wala neva. Seli zake ni chache, nazo zimezingirwa na mchanganyiko mzito wa kolajeni, protioglikani na maji. Kwa hiyo, jeraha lisilofika mfupani halipati damu ya kuanzisha uponaji. Wapasuaji waliamua kuitafuta damu hiyo chini ya gegedu. Mwaka 1959, Kenneth Pridie wa Bristol alieleza mbinu ya kukereza mfupa kwa keekee. Katika miaka ya 1980, Richard Steadman wa Colorado aliiboresha kwa kutoboa matundu madogo kwa chombo chenye ncha mfano wa msharasi. Damu na uboho hutoka, huganda shimoni, kisha hugeuka kuwa tishu ya kuziba pengo. Hata hivyo, kwa kawaida tishu hiyo huwa na nyuzi nyingi na uimara wake hupungukiwa ikilinganishwa na gegedu la asili.

Seli bila kiunzi

Mnamo Oktoba 1994, Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Göteborg, Uswidi, walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya wagonjwa 23. Kipande kidogo cha gegedu zima kilichukuliwa kwa kila mgonjwa, seli zake zikakuzwa maabara kwa siku 14 hadi 21, kisha zikadungwa ndani ya jeraha chini ya utando uliobanduliwa juu ya mfupa wa muundi na kushonwa pembeni. Kati ya wagonjwa 16 waliotibiwa mwisho wa mfupa wa paja, 14 walipata matokeo mazuri au mazuri sana. Kati ya 7 waliotibiwa pia ya goti, ni 2 tu waliofikia kiwango hicho.

Mbinu hiyo ilikuwa na kasoro za kiutendaji. Seli zilikuwa katika kimiminika kilichoweza kuvuja. Kushona utando kulihitaji kulipasua goti kwa upana, na utando wenyewe mara nyingine ulinenepa hadi mgonjwa akarudishwa kupasuliwa. Aidha, tangu mwaka 1982 Benya na Shaffer walikuwa wameonyesha kwamba seli za gegedu zilizopoteza sifa zake juu ya sahani bapa huzirejesha zikiwekwa ndani ya jeli ya agarosi. Maana yake ni kwamba mazingira yanayoizunguka seli huathiri kile inachozalisha.

Kiunzi chashika nafasi

Mwaka 1993, Robert Langer na Joseph Vacanti walieleza katika jarida la Science misingi ya uhandisi wa tishu, ambamo seli hupewa umbo la kukulia. Wapasuaji wa Ulaya walilikaribia wazo hilo kwa njia ya vitendo. Kwanza, utando wa mgonjwa ulibadilishwa kwa utando wa kolajeni ya nguruwe. Baadaye seli zilipandwa juu ya kolajeni hiyo, ikakatwa kwa kipimo cha shimo na kubandikwa kwa gundi ya fibrini. Nchini Italia zilitumika nyuzi zitokanazo na asidi ya hayaluroniki. Hivyo haja ya kushona ikaondoka na mkato ukapungua.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa seli za maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, utando wa kolajeni ulianza kuwekwa juu ya matundu ya mfupa ili kushikilia damu iliyoganda. Machi 2022, mamlaka ya Marekani iliidhinisha kiunzi cha aragonaiti itokanayo na matumbawe, kisichobeba seli yoyote. Kilichoanza kama chombo cha kubeba seli kilikuwa sasa kimechukua nafasi yake.

Ushahidi na mipaka yake

Mwaka 2004, Gunnar Knutsen na wenzake wa Norwei waliripoti jaribio la wagonjwa 80 waliogawanywa kinasibu. Baada ya miaka 2, upandikizaji wa seli chini ya utando haukuwa bora kuliko matundu madogo, na baada ya miaka 5 hali ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2014, jaribio la SUMMIT la wagonjwa 144 lilionyesha kuwa seli zilizopandwa juu ya kolajeni zilipunguza maumivu na kuboresha matumizi ya goti kuliko matundu hayo, na Desemba 2016 tiba hiyo iliidhinishwa Marekani. Hata hivyo, vipande vya tishu vilivyochunguzwa kwa hadubini havikuonyesha tofauti kati ya makundi mawili. Zaidi ya hayo, wagonjwa walijua tiba waliyopewa, na maumivu hupimwa kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Sheria na gharama nazo zilichangia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 iliziweka bidhaa za seli katika kundi la dawa. ChondroCelect, iliyoidhinishwa mwaka 2009, iliondolewa sokoni mwaka 2016 kwa sababu za kibiashara. Tiba ya seli huhitaji maabara na upasuaji mara mbili, ilhali kiunzi kitupu hutolewa rafuni na kupandikizwa mara moja. Kwa mtazamo wa insha hii, tofauti hiyo inaeleza kuenea kwa viunzi vitupu angalau kwa kiasi kile kile kama biolojia.

Hitimisho

Hukumu ya Hunter haijapinduliwa kikamilifu, imewekewa mipaka. Shimo lenye kingo zinazojulikana linaweza kuzibwa na goti likarudi kazini, lakini tishu iliyozaliwa upya haijathibitishwa kulingana na ile ya asili. Kwa hiyo, mtafiti anayeisimulia historia hii kama safari iliyonyooka kutoka kushindwa hadi kufaulu atakuwa ameunganisha vipimo viwili tofauti: kile cha hadubini na kile cha mguu unaopanda ngazi. Kila dai la mafanikio linapaswa kutaja limepimwa kwa kipi.