Hewa Iliyofungiwa Embakasi

Jamani, leo naweka kando PHP na hifadhidata. Nataka tuongee juu ya programu isiyoendeshwa na kompyuta bali na watu watatu waliofunga mikanda: orodha ya ukaguzi ndani ya chumba cha rubani.

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa, safari nambari 540 kutoka Frankfurt kwenda Johannesburg, ilikuwa inaondoka Embakasi, uwanja ambao leo tunauita Jomo Kenyatta. Ndani mlikuwa na watu 157. Ndege iliinuka kidogo tu, ikaanza kutetemeka, ikagoma kupanda. Iliangukia ng'ambo ya mwisho wa barabara ya kurukia, ikavunjika na kushika moto. Watu 59 walikufa. Ndiyo ajali ya kwanza ya 747 kuua watu tangu ndege hizo zianze kubeba abiria mwaka 1970.

Injini zilikuwa nzima, zote nne. Ili uelewe kilichotokea, lazima kwanza ujue jinsi injini hizo zinavyowashwa.

Injini ya jeti haiwashwi kama ya matatu. Kabla ya kuingiza mafuta sharti izungushwe kwa kasi, na kwenye 747 kazi hiyo hufanywa na hewa yenye shinikizo. Mkiani kuna injini ndogo ambayo haisukumi ndege hata kidogo. Kazi yake ni kutoa umeme na hewa wakati ndege imeegeshwa. Hewa hiyo hupita kwenye mabomba hadi kwenye starta, injini kubwa inaanza kuzunguka, na kasi ikitosha mafuta na cheche vinaingia. Hapo macho yote yako kwenye kipimo cha joto, maana likipanda kupita kiasi injini inaharibika palepale kabla hata ya safari. Ikishawaka vizuri, injini yenyewe inaweza kutoa hewa ya kulisha mabomba yale yale, mradi vali zake zimefunguliwa.

Sasa sikiliza. Hewa hiyo ina kazi nyingine. Flapu za nyuma ya mabawa ya 747 husukumwa na haidroliki, lakini zile za mbele husukumwa na hewa. Flapu hulisaidia bawa kubeba uzito ndege ikiwa bado na mwendo mdogo. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na bawa linahitaji kila msaada.

Siku ile mfumo wa hewa haukuwa umefunguliwa. Wenzo wa flapu uliposogezwa, za nyuma zilitoka. Za mbele zilibaki ndani.

Kwa lugha yetu ya kompyuta: amri imetolewa, nusu ya kazi imefanyika, na mfumo umenyamaza kimya. Mimi niliwahi kukaa miezi mitatu nikiamini skripti yangu inahifadhi nakala za data kila usiku. Kumbe diski ilikuwa imejaa, nilikuwa natunza mafaili matupu! Mimi nilipoteza data tu.

Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki (ile ya awali, iliyovunjika mwaka 1977). Ripoti yake ilisema wazi kwamba wahudumu wa chumba cha rubani hawakukamilisha orodha yao ipasavyo. Lakini, na hapa nawapigia makofi, haikuishia kwenye kulaumu watu. Ilitaja pia kwamba ndege haikuwa na onyo la kumwambia rubani kuwa flapu za mbele hazijatoka.

Orodha zenyewe zilianzia kwenye msiba kama huo. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka mara tu baada ya kuruka kwa sababu kufuli ya usukani wa mkiani haikufunguliwa. Rubani alikuwa mtu mzoefu sana. Marubani wa jeshi wakaona kichwa peke yake hakitoshi, wakaandika hatua zote kwenye karatasi. Baada ya Embakasi, Boeing nayo ikaongeza mfumo wa kumwonya rubani.

Unadhani hadithi imeisha? Tarehe 16 Agosti 1987, Detroit, MD-82 ya shirika la Northwest iliruka bila flapu. Orodha haikusomwa, na kengele ya onyo haikulia kwa sababu haikuwa ikipata umeme. Watu 156 walikufa. Wachunguzi hawakuweza kubaini kwa nini umeme ulikatika. Tarehe 20 Agosti 2008, Madrid, MD-82 ya Spanair: flapu ndani tena, kengele kimya tena, watu 154.

Kabla mwaka 2008 haujaisha, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliamuru ukaguzi mmoja zaidi kwa ndege za aina hiyo: kabla ya kila safari, ijaribiwe kengele yenyewe.