Alama ya Namba katika Mashine: Historia Fupi na Tatizo la Istilahi

Katika kazi ya kusanifu istilahi, hutokea neno moja dogo likatulazimisha kurudi nyuma miaka mingi kabla ya kulitolea uamuzi. Neno tunalokusudia kulijadili hapa ni jina la zile namba kamili ambazo kompyuta huzihesabu kuanzia 0 kwenda juu tu, bila kutenga nafasi yoyote kwa namba hasi. Tumepata kuona tafsiri inayoziita namba "zisizotiwa saini", kana kwamba ni hati zinazongoja mkono wa ofisa. Wengine huziita "namba chanya". Kosa la kwanza ni la wazi na huchekesha. La pili limejificha, na kwa hiyo ndilo la hatari zaidi. Ili kulifichua, hatuna budi kuieleza historia ya jambo lenyewe.

Ndani ya kompyuta hamna alama ya kutoa. Mna biti tu, na kila biti ni 0 au 1. Basi namba hasi iandikweje? Watengenezaji wa mwanzo walihitilafiana. Mashine ya IBM 704, iliyotangazwa mwaka 1954, ilitenga biti moja kuwa alama, na biti zilizobaki zikaonyesha ukubwa wa namba. CDC 6600 ya mwaka 1964 ilipata namba hasi kwa kugeuza kila biti. Lakini EDSAC, iliyoanza kazi huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, ilikuwa tayari imefuata njia ya tatu: kugeuza kila biti, kisha kuongeza 1. Katika njia mbili za kwanza 0 ina sura mbili, moja chanya na moja hasi; katika njia ya tatu ina sura moja tu, na kujumlisha huwa rahisi.

IBM ilipoitangaza System/360 tarehe 7 Aprili 1964, ilichagua njia ya tatu kwa namba kamili. Mashine hiyo ilipewa amri mbili za kujumlisha: moja ya namba zenye alama, nyingine ya namba zisizo na alama. Biti za jumla ni zile zile kwa amri zote mbili; kinachotofautiana ni namna mashine inavyotoa taarifa ya matokeo. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: alama haimo katika biti, imo katika mapatano ya msomaji.

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kulielewa jambo hili. Mshale mfupi wa saa ukiwa kwenye tarakimu 7, Mswahili husema ni saa 1, na Mwingereza husema ni saa 7. Mshale ni mmoja na hakuna aliyekosea. Lakini wakiagana kusafiri pamoja bila kutaja wanahesabu kwa desturi gani, mmoja wao ataachwa na chombo. Ndivyo ilivyo kwa biti 16 ambazo zote ni 1: akizisoma mwenye kuhesabu bila alama hupata 65,535, akizisoma mwenye kuhesabu kwa alama hupata −1.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikuwa na aina hii ya namba tangu siku ya kwanza. Iliongezwa baadaye, nayo imeelezwa katika kitabu alichoandika pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978. Sanifu ya mwaka 1999 ikaongeza majina yanayotaja upana wa namba: biti 8, 16, 32 au 64. Hata hivyo kulibaki mtego wa zamani. Amri ya C inayogeuza maandishi kuwa namba isiyo na alama huikubali alama ya kutoa bila kulalamika. Mtu akiandika −1, katika biti 32 hupata 4,294,967,295.

Mtego huo huonekana vizuri katika programu-igizi, yaani programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye kuwa kompyuta nyingine. Mojawapo ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Humo kila kifaa kinachoigizwa huelezwa kwa sifa zake, kama vile anwani au ukubwa wa kumbukumbu, na nyingi kati ya sifa hizo haziwezi kuwa hasi. Lakini kwa miaka mingi namba zote kamili zilipitishwa katika chombo kimoja cha biti 64 chenye alama. Sifa iliyozidi 9,223,372,036,854,775,807 iliingia ikiwa kubwa mno, ikatoka upande wa pili ikiwa hasi. Mwaka 2017 ndipo chombo hicho kilipopewa nafasi ya namba zisizo na alama, na thamani za kuanzia za sifa hizo nazo zikatengwa.

Sasa turudi kwenye neno letu. "Namba chanya" halifai kwa sababu mbili. Kwanza, 0 si chanya, na imo katika aina hii. Pili, uchanya ni tabia ya thamani, hali sisi tunataja mapatano ya kusoma: 5 ni chanya katika aina zote mbili. "Namba nzima" ya shuleni nayo haitoshi, kwani namba nzima hazina mwisho, na hizi zina mwisho unaojulikana.

Kwa hiyo tunapendekeza "namba kamili ya aina isiyo na alama", na mwenziwe awe "namba kamili ya aina yenye alama". Neno "aina" lisiachwe, maana ndilo linalomkumbusha mwanafunzi kwamba anachoambiwa si namba ilivyo, bali namna ya kuisoma. Istilahi ni ndefu kidogo, lakini ni afadhali urefu kuliko jina fupi litakalomfanya fundi wa kesho aamini kwamba palipoandikwa "chanya", hasi haiwezi kuingia.