Probiotiki: Kutoka Mtindi wa Bulgaria hadi Hospitalini

Mwaka 1905, Stamen Grigorov, daktari kijana kutoka Bulgaria, alikuwa Geneva akichunguza mtindi wa kwao kwa darubini. Humo alimwona bakteria mwenye umbo la fimbo anayegandisha maziwa. Ilya Metchnikoff, mwanasayansi kutoka Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris, alimhusisha bakteria huyo na maisha marefu. Alidai kuwa vijidudu vya utumbo mpana huozesha chakula na kutoa sumu inayozeesha mwili, na kwamba asidi ya mtindi huvidhibiti. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, kwa utafiti wa kinga ya mwili, sifa za mtindi nazo zilizidi kuvuma.

Baadaye Leo Rettger wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kuwa bakteria huyo hadumu katika utumbo wa binadamu. Watafiti wakaanza kutafuta vijidudu vinavyofika huko vikiwa hai. Minoru Shirota wa Japani alipata aina moja mwaka 1930, na miaka mitano baadaye kinywaji cha Yakult kikaingia sokoni.

Mwaka 2001, wataalamu walioitwa na FAO na WHO walitoa maana inayotumika hadi leo: probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha mtumiaji. Kwa hiyo mtindi uliochemshwa baada ya kuganda hauhesabiwi.

Faida zilizothibitishwa ni chache. Bakteria wa mtindi humsaidia kumeng'enya laktosi mtu ambaye maziwa mabichi humsokota tumbo. Aina kadhaa hupunguza kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Lakini majaribio mawili makubwa ya Marekani na Kanada, yaliyochapishwa mwaka 2018, hayakuona nafuu kwa watoto waliokuwa wakiharisha ghafla.

Madhara nayo yapo. Katika jaribio la Uholanzi la mwaka 2008 kwa wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho, walifariki 24 kati ya 152 waliopewa probiotiki, na 9 kati ya 144 ambao hawakupewa. Tangu hapo wagonjwa mahututi na wenye kinga dhaifu huangaliwa kwa tahadhari, na daktari huulizwa ni aina ipi ya kijidudu, kwa ugonjwa upi.